Mfuko Chini ya Sketi

"Mama mdogo, mfuko wa nini, na yeye hana hata cha kutia?"

Aliyeuliza alikuwa mtoto wa dada yake fundi, msichana aliyeng'oka meno ya mbele na mapya yalikuwa hayajaamua kuota. Ameegemeza kidevu kwenye meza ya kukatia, macho yamemtoka pima. Mbele yake alisimama mwanasesere wa kaure, urefu wake kama chupa ya maji, amevaa shimizi tu. Fundi alikuwa anamfunga utepe kiunoni, na kwenye utepe ule vilining'inia vifuko viwili vya kitani, vidogo kama kucha za dole gumba.

Fundi alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alijibu kwa pua. "Mmh."

Mtoto akangoja. Pini zikatoka.

"Ndivyo walivyovaa wanawake wa karne ya kumi na nane huko Ulaya kwao. Mfuko haukushonwa kwenye gauni. Ulifungwa kiunoni, sketi zikashuka juu yake, na ubavuni kukaachwa mpasuo wa kupitisha mkono."

"Sasa huyu atapitisha mkono achukue nini?"

"Wewe mtoto, maswali yako yangekuwa uzi tungeshauvalisha mji mzima. Niletee mkasi mdogo."

Mkasi uliletwa. Jibu halikuletwa, na kusema kweli fundi mwenyewe hakuwa nalo.

Kabla ya kushonea wanasesere alikuwa fundi wa sare za shule kama mafundi wengine wa safu ile iliyo nyuma ya soko, kila mmoja na kibanda chake, kila mmoja na cherehani yake inayolia kwa sauti yake. Siku moja mzee mmoja mwenye miwani minene alipita kibanda baada ya kibanda, amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Alipokifunua, kilikuwa ni mwanasesere asiye na nguo. Mafundi walicheka mpaka cherehani zikanyamaza. Jirani yake, aliyekuwa akishona suruali za kiume na kwa hiyo akaitwa Fundi Suruali, alimwambia yule mzee, "Baba, mimi mteja wangu lazima awe na miguu ya kupimika!"

Yeye hakucheka. Alimpokea mwanasesere kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokezwa mtoto mchanga, akauliza, "Anasikia baridi tangu lini?"

Tangu siku hiyo mzee hakwenda kwa mwingine. Alikuwa na nyumba nzima ya wanasesere, wamepangwa kwenye makabati ya vioo, ndiyo maana safu yote ilimwita Mzee Vioo. Alimwazima fundi kitabu kizito cha michoro ya mavazi ya zamani, na humo fundi akajifunza kibana cha kiunoni chenye vijiti vya kukaza, sketi juu ya sketi, mikono inayoishia kwenye kiwiko na kumwaga lesi, na yale magauni yenye mikunjo inayoporomoka kutoka mabegani hadi sakafuni kama maji.

Jambo moja kitabu hakikumfundisha, alilijua kwa vidole. Kitambaa kipya hakimfai mwanasesere. Kinasimama kama boksi. Kinachofaa ni kilichofuliwa na kuvaliwa mpaka kikakubali kulala: leso kuukuu, foronya, bitana ya koti la marehemu. Na maua yake yawe madogo kama mbegu, la sivyo bibi wa watu ataonekana amejifunika pazia. Kwa hiyo fundi alikuwa na tabia iliyowachekesha wengi. Akikutana na mtu njiani hatazami uso kwanza, anatazama nguo imechakaa kiasi gani. Mtoto naye akaiga. Wakitoka sokoni anamvuta mkono na kunong'ona, "Mama mdogo, yule bibi leso yake imeiva."

Mtoto alikuwa amekuja kwa muda tu. Dada mtu alipata kazi ya uuguzi mji wa mbali, akilala kwenye bweni la wafanyakazi ambako watoto hawaruhusiwi. "Mdogo wangu, nishikie kidogo," alisema. "Nikipata nyumba namfuata." Fundi, ambaye hakujaliwa mtoto, akashika. Kidogo ile ikapita darasa baada ya darasa. Meno yakaota. Mtoto akajua kutunga uzi kwenye sindano isiyoonekana tundu, akajua kulala kwenye marobota ya vitambaa huku cherehani inaunguruma, na usiku mama yake akipiga simu alisimulia habari za wanasesere kama za majirani.

Kisha simu ikaja jioni moja. Dada amepata nyumba, vyumba viwili na ua, shule ipo ng'ambo ya barabara. Jumamosi anakuja kumchukua mtoto.

"Hongera, dada," fundi akasema. "Hongera sana. Hongera kabisa. Eh, hongera."

"Mbona umenasa kwenye hongera? Simu mbovu?"

"Simu nzima. Nimefurahi."

Akaweka simu, akajikaza, akarudi mezani. Huko kulikuwa na kazi ambayo haikutaka mchezo. Mzee Vioo alikuwa ameleta bitana ya hariri ya kijani, kijani cha jani changa, aliyoibandua kwenye koti la mama yake aliyekwisha kufariki. Alitaka gauni la mikunjo mgongoni, kwa yule mwanasesere aliyempenda kuliko wote. Hariri ilikuwa hiyo tu. Ikiharibika, hakuna duka la kwenda.

Wiki ile fundi alishona, akapiga pasi sare za mtoto, akashona tena. Hakulia, wala hakusema neno zaidi ya "vua hiyo nikufulie". Mtoto alimtazama, akamletea mkasi mdogo kabla hajaagizwa.

Jumamosi dada akafika, amebeba zawadi na uchovu wa basi la mbali. Wakakumbatiana, wakachekana unene, mtoto akashikwa mashavu. Dada akaketi kwenye kiti cha wateja, na kwa kuwa wote wawili walijifunza kushona kwenye cherehani moja ya mama yao, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye gauni la kijani lililokuwa mezani. Akaligeuza huku na huku. Akalinyoosha.

"Mdogo wangu. Huyu bibi ana mikono miwili ya kushoto?"

Fundi akalinyakua. Kweli. Mwanasesere yule alikuwa na viwiko vilivyopinda, hivyo kila mkono wa gauni ulikuwa na mpindo wake, mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto. Yeye alikuwa amelaza kielelezo kwenye kitambaa upande uleule mara zote mbili. Ni kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na alikuwa amelishikiza kwa bandi, amelishona, amelitia na lesi juu.

Kutoka kibanda cha pili Fundi Suruali akapaza sauti, "Basi mtafutieni mume mwenye miwili ya kulia, watapeana mikono vizuri!"

Wakacheka wote. Fundi alicheka zaidi yao, kisha akaendelea kucheka wenzake waliponyamaza, kisha ikaonekana kwamba hacheki tena. Akajifuta uso kwa kile kilichokuwa karibu, futi ya kupimia.

"Sikuja kukunyang'anya," dada akasema taratibu.

"Najua, dada. Mtoto ni wako. Mimi najua. Mkono ndio haukujua."

Dada alisogeza kiti, akavua saa, akaomba wembe wa kufumulia. Wakafumua mkono mmoja, uzi kwa uzi. Hariri iliyobaki ilikuwa vipande vipande, hakuna hata kimoja kilichotosha. Fundi akavipanga mezani kama mtu anayeunga kikombe kilichovunjika, akaona kwamba viwili vikiungwa kwapani, chini ambako kivuli kinaficha, mkono wa kulia utapatikana. Mtoto akawatungia sindano, zamu ya mmoja, zamu ya mwingine. Dada alishona maungio, mdogo mtu akashona lesi, na wakati wote walizozana kwa sauti ndogo, "Mshono wako mrefu", "Wangu mrefu? Wako ndio unatambaa", kama walivyozozana utotoni.

Mzee Vioo alikuja kuchukua gauni siku ileile. Fundi hakumficha. Aliuinua mkono wa mwanasesere akamwonyesha maungio. "Nimekosea, mzee. Nimekata vibaya, nikaunga."

Mzee akasogeza miwani, akasogeza uso. 

"Koti la mama lilikuwa na kiraka hapohapo," akasema. "Kwapani. Alikishona mwenyewe." Akamviringisha mwanasesere kwenye taulo polepole kuliko siku zote, akaaga.

Kesho yake, kituoni, fundi alimwinamia mtoto na kumfunga utepe kiunoni, chini ya sketi ya safari. Alikuwa amemshonea mfuko wa kitani, umbo lake lilelile la kitabuni, ila huu mkubwa wa kuingia kiganja cha mtu. Ubavuni mwa sketi alikuwa amefumua mshono kidogo, akauzungushia pindo, mkono upite.

Basi lilipoanza kuondoka, mtoto akatumbukiza mkono. Akapapasa mpaka kwenye pembe. Kichwa kikatokeza dirishani.

"Mama mdogo! Hamna kitu! Mbona mtupu?"

Fundi alipunga mkono, akapunga, akapunga, mpaka kondakta wa basi lililofuata akamwomba asogee.

Likizo ya kwanza mtoto hakuja, kulikuwa na masomo ya ziada. Likizo ya pili mama yake alipangiwa zamu ya usiku na hakupatikana wa kumsindikiza. Simuni fundi alisema, "Hakuna neno, mwanangu, soma tu." Kisha akaketi na kushona vifuko, hata kwa wanasesere ambao Mzee Vioo alisema si lazima, hakuna atakayewafunua. Marobota ya vitambaa yakabaki na shimo palipokuwa panalaliwa, naye hakulisawazisha. Fundi Suruali akapunguza utani. Kila basi la mbali lilipopiga honi barabarani, alisimama na kusema anakwenda kunyoosha mgongo. Alirudi peke yake, akaketi, akaendelea na pindo la suruali.

Alasiri moja alikwenda kunyoosha mgongo, akarudi anakimbia.

"Mama! Una mteja! Huyu ana miguu ya kupimika kweli!"

Mlangoni alisimama msichana mrefu, miguu imempita mwili, sauti imeanza kuwa ya mtu mzima. Fundi akafanya alichozoea, akatazama nguo. Sketi ilikuwa nyingine, mpya, lakini ubavuni ilikuwa na mpasuo, umefumuliwa na kupindwa kwa mkono wa mtu anayejifunza, mishono mirefu inayotambaa. Chini yake nyonga moja ilikuwa imevimba kuliko ya pili, na kwenye mpasuo ilichungulia ncha ya kitambaa kilichofuliwa mpaka kikaiva, chenye maua madogo kama mbegu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umechelewa," fundi akajibu kwa pua, pini zake mdomoni.

"Nimechelewa. Lakini na wewe una deni la jibu langu, tangu sina meno. Mfuko wa nini, na mwenyewe hana cha kutia?"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Alikuwa na jibu sasa, alilipata kituoni siku ile akipunga mkono.

"Kumbe hukuelewa? Ningeutia kitu, ungekila njiani ukamaliza, na safari ikawa imekwisha. Nilikuachia nafasi ya kurudi nacho. Haya, njoo hapa, toa tuone, umeniletea nini?"