Maswali Aliyoyakataa Mama Gundi

Siku binti wa maktaba alipoingia dukani kwetu na daftari lake, mama mdogo alimdanganya mara nne kabla binti wa watu hajapata pa kukaa. Alimwambia ameanza kazi ya viatu mwaka huu. Akamwambia duka si lake. Akamwambia hamjui mwenye jengo. Na mimi, niliyekuwa nimekaa pale pale nikibadilisha zipu ya begi, akamwambia ni mteja.

Mimi ni mtoto wa dada yake, na wakati huo nilikuwa nimefanya naye kazi miaka tisa. Nikainamia zipu yangu. Nilikuwa naijua sauti ile.

Mtaani wanamwita Mama Gundi, kwa sababu harufu ya gundi haimtoki hata akioga mara tatu. Duka letu ni ile nafasi iliyo chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Dari imekwenda mshazari. Mlangoni unasimama wima, ukisogea ndani unaanza kuinama, na kule mwisho kabisa, tunakoweka makopo ya rangi, unatambaa. Kila anayepanda ngazi tunamsikia juu ya vichwa vyetu, na mama mdogo alikuwa anamjua mtu kwa kisigino chake. "Huyo wa ghorofa ya pili, kiatu cha kushoto kimeisha. Wiki hii atakuja." Na kweli wiki hiyo hiyo atakuja.

Binti akaeleza shida yake. "Mama, kila Jumamosi kwenye ukumbi wa maktaba tunawaita watu wa hapa hapa, waliojianzishia kazi zao, na viongozi wa mtaa pia. Wanasimulia walikotoka. Watu watano wameniambia nisikukose wewe."

"Watu gani hao watano?"

"Majirani tu, mama."

"Majirani wana majina."

Binti akacheka akidhani ni utani. Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kinasa sauti kidogo mkononi mwa binti kama mtu anayetazama nyoka akisubiri ageukie wapi.

"Na hicho je?"

"Ni cha kurekodi, ili tuhifadhi."

"Mnamhifadhia nani?"

Binti akakirudisha kinasa sauti mfukoni. Akaaga kwa adabu, akasema atapita tena. Mama mdogo akaweka chini msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akatoka hadi mlangoni, akasimama hapo mpaka mgeni alipokata kona.

"Maktaba iko upande gani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Kulia."

"Yeye kaenda kushoto."

Basi, kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Sitaki mtu amwone mama mdogo kama mwanamke mwenye roho mbaya. Zamani alikuwa mtu wa kufungua moyo kwa kila aliyevua kiatu. Yeye na marehemu mume wake, baba mdogo wangu, walikuwa na kibanda cha mbao kando ya ukuta wa kiwanda cha zamani cha nguo. Vibanda vilikuwa ishirini na vitatu kwa mstari mmoja. Baba mdogo ndiye aliyemfundisha kazi, na alipofariki alimwachia kalibu thelathini, ile miguu ya mbao ya kuweka ndani ya kiatu wakati wa kukishona, zote alizichonga kwa mkono wake.

Mwaka mmoja baada ya msiba, alikuja kijana mmoja mpole, maneno yake laini. Ulianza lini, mama? Una watoto wangapi? Baba alikuwa mtu wa namna gani? Mama mdogo akamweleza yote, hadi machozi yakamtoka. Akamshonea na kisigino bure. Siku kumi na tisa baadaye, asubuhi na mapema, likaja tingatinga. Katika zile kalibu thelathini aliokota sita. Walipokwenda ofisini kulalamika walionyeshwa karatasi, kwa mbali, ng'ambo ya meza: wenye vibanda wote wamekubali kuhama kwa hiari yao, na saini zao hizi hapa. Kila mmoja alisema hakusaini. Karatasi ikarudi kwenye droo.

Tangu hapo, ukimuuliza mama mdogo saa ngapi, anataka kwanza kujua unawahi wapi.

Mtu mmoja tu alikuwa nje ya shaka zake: mwenyekiti wa mtaa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa rafiki wa baba mdogo tangu ujana wao, na mama mdogo alimwita shemeji. Siku ya tingatinga alipiga magoti kwenye vumbi akiokota zile kalibu pamoja naye, akilia. Ndiye aliyemtafutia ile nafasi chini ya ngazi. Kila asubuhi akipita kufungua duka lake lazima atie kichwa mlangoni. "Shemeji, mmeamkaje humu pangoni?"

Kwa hiyo kesho yake asubuhi mama mdogo akamwambia habari ya yule binti.

"Usimwambie kitu," mwenyekiti akasema. "Hata neno. Mimi nimekubali kuzungumza Jumamosi hii kwa sababu ya cheo tu, nitakataaje? Lakini wewe, shemeji, kaa kimya kabisa. Wala usije."

Nilimtazama. Sijui kwa nini. Labda ni vile alivyojibu kabla swali halijaisha.

Keshokutwa yake akaja mwanamume mwenye futi ya chuma akaanza kupima ngazi zetu. Alipima upana, akapima urefu, akaandika kwenye kiganja cha mkono. Mama mdogo akamuuliza anapima nini, akajibu, "Nimetumwa tu." Alasiri ya siku hiyo hiyo, fundi saa wa jirani, ambaye midomo yake haifungi, akaja na habari kwamba amemwona binti wa maktaba akiongea na mwenye jengo.

"Ndiyo hivyo," mama mdogo akasema. Alikuwa mtulivu, na hilo ndilo lililonitisha. "Wanaanza kwa maswali, wanafuata na futi. Sisi Jumamosi tunakwenda. Tunakaa nyuma, tunasikiliza. Safari hii nijue mapema."

"Si mwenyekiti amesema usije?"

"Amesema nisiongee."

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki kama sitini, na karibu vyote vina watu. Tulikaa safu ya mwisho, nyuma ya mwanamume mwenye mabega mapana. Alitangulia mama mmoja mwoka mikate, akasimulia jinsi alivyounguza mikono miaka miwili kabla hajaelewa tanuri lake. Watu wakacheka, wakapiga makofi. Kisha akaitwa mwenyekiti.

Alizungumza vizuri, na tangu zamani anajua kuzungumza. Alianza na siku alizobeba mifuko ya saruji mgongoni, akaja kwenye uongozi. Akasema:

"Uongozi wangu, ndugu zangu, ulianzia pale ukuta wa kiwanda. Palikuwa na vibanda vingi, vurugu tupu. Nikapewa kazi ya kuandika majina na kuwaandaa watu wahame. Nikafikiria, nikienda mwenyewe wataniogopa. Nikatafuta kijana mpole, nikamwambia zungumza nao kama mtoto wao. Siku mbili tu akamaliza. Wakahama kwa amani, hapakuwa na hata kesi moja. Ndipo nilipojua Mungu amenipa kipaji."

Makofi yakalia. Vidole vya mama mdogo vilikuwa vimenishika kifundo cha mkono, vigumu, vina magamba ya gundi kavu. Nikasikia kiti chake kinasogea.

"Nani alihama kwa amani?"

Watu wakageuka. Mwenyekiti akainua uso kutafuta sauti, na alipomwona alishika meza.

"Shemeji. Sikujua kama umekuja."

"Hilo naliona. Nijibu."

"Haya mambo tutaongea nyumbani."

"Nyumbani umekunywa chai yangu miaka kumi na miwili hujayaongea."

Yule binti wa maktaba, ambaye mama mdogo alimshuku wiki nzima, akatoka pembeni na kipaza sauti, akapita kati ya viti hadi safu ya mwisho, akamsogezea mdomoni. Mama mdogo alikitazama kile chombo, kisha akakishika.

"Yule kijana nilimpa chai. Nilimwambia mume wangu alikufaje. Ulimtuma wewe?"

Mwenyekiti akatazama mlango.

"Na zile saini?"

"Ni zamani sana, shemeji. Sikumbuki vizuri."

"Uliokota kalibu za rafiki yako na mimi," mama mdogo akasema. "Ulilia."

Akarudisha kipaza sauti, tukaondoka.

Binti akatukimbilia hadi nje. Mama mdogo akamgeukia pale pale kwenye ngazi, maana shaka zake hazikuwa zimekwisha, zilikuwa zimebadilisha nyumba tu. "Na wewe. Siku ile ulikwenda kushoto. Maktaba iko kulia."

Binti akaona haya. "Nilikwenda kushoto nipate pa kulia, mama. Ulinitisha."

Mama mdogo akaendelea. "Na mwenye jengo?"

"Nilimwomba atengeneze reli ya kushikilia kwenye ngazi zile. Shangazi yangu anakaa ghorofa ya tatu, miguu yake mibovu."

Mimi nilicheka. Mama mdogo alisema tu, "Tutaiona hiyo reli." Iliwekwa baada ya wiki mbili, naye aliitikisa kwa mikono miwili kabla hajaamini.

Jumatatu baada ya ule mkutano mwenyekiti akaja. Hakutia kichwa mlangoni kama kawaida; aliingia, akainama, akaketi kwenye kigoda cha wateja na kutoa viatu kwenye mfuko. Mama mdogo akavigeuza, akabonyeza soli, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Viatu hivi ni vizima. Umekuja kutengeneza nini?"

Yakamtoka. Aliahidiwa nafasi ishirini na tatu kwenye soko jipya, moja kwa kila kibanda, kwa sharti kwamba pasiwe na ugomvi. Aliona akianza kumshawishi mmoja mmoja ahadi itakufa. Akaandika kwamba wote wamekubali, akawasainia mwenyewe, akibadilisha kalamu ili mwandiko usifanane. Baadaye zile nafasi zikashuka zikawa saba, na sita kati yake zikaenda kwa watu ambao hakuwahi hata kuwaona. Ya saba ndiyo duka lake la vifaa vya ujenzi.

"Ndiyo maana nilihangaika nikakutafutia hapa, shemeji."

"Ulinitafutia mimi duka, au ulijitafutia wewe usingizi?"

Mtu alishuka ngazi juu yetu, taratibu, na sote watatu tukamsikiliza hadi alipofika chini.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Jumamosi. Ukumbi ule ule, watu wale wale."

"Watanikataa."

"Hiyo ni kazi yao."

Mama mdogo hakuamini kwamba atafanya. Ijumaa alinituma nipite mbele ya duka la mwenyekiti mara mbili, niangalie kama anafunga mizigo. Nikamkuta anapanga makopo ya rangi kwa kimo, na mimi najua mtu ambaye akili yake haiko kazini akipanga makopo anafananaje.

Jumamosi mwenyekiti alikuja. Binti alikuwa amewatafuta wenye vibanda wa zamani, wakapatikana wanne: mshona magodoro, muuza vioo, na mtu na dada yake waliokuwa wakichonga mihuri. Safari hii mama mdogo alikaa safu ya mbele. Mwenyekiti akasimulia, sauti ndogo, bila mzaha hata mmoja. Akataja ahadi, akataja kijana, akataja duka lake. Alipofika mwisho akainama kutaka kushuka.

Mama mdogo akainua mkono. "Na kalamu?"

Ikabidi arudi aseme habari za kalamu.

Hapakuwa na makofi. Mshona magodoro alitoka nje, akazunguka jengo mara moja, akarudi akakaa. Wale wanne pamoja na mama mdogo waliandika barua kutaka ile karatasi. Walijibiwa baada ya miezi mitano kwamba haionekani. Hata hivyo nafasi mbili za sokoni zilizokuwa zimefungwa zilifunguliwa, wakapewa mshona magodoro na muuza vioo. Uchaguzi ulipofika mwenyekiti hakugombea. Wengi walisema ni aibu. Mama mdogo alisema anapumzika ili arudi. Mwenyekiti bado anapita asubuhi, na mama mdogo bado anaitikia salamu yake, ila neno shemeji amelitoa kwenye jibu.

Mwezi uliofuata ile Jumamosi ya pili, mama mdogo alikubali kuzungumza yeye. Alitoa masharti: arekodiwe mbele yangu, asikilize mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na binti aanze kwa kujieleza yeye ni nani, wa nani, na amesomea wapi. Binti akajieleza nusu saa nzima.

Pale ukumbini mama mdogo alisimulia kiatu cha kwanza alichowahi kushona, kilichofumuka mwenye kiatu akiwa bado anavuka barabara, na jinsi baba mdogo alivyokimbia kumfuata mteja akiwa na kiatu chake mwenyewe mkononi, amwazime. Ukumbi ulicheka hadi watu wakafuta macho. Alijibu maswali kumi na moja, kila moja akilipima kwanza. La mwisho liliulizwa na mwanamume aliyekaa karibu na dirisha, ambaye hakuna aliyekuwa anamfahamu. Alitaka kujua kama mama amemsamehe mwenyekiti.

Mama mdogo akamtazama kuanzia usoni hadi viatuni, akatulia hapo viatuni kidogo.

"Wewe," akamuuliza, "umetumwa na nani?"