Kamba za Bwawani

Kazi yangu ni kufunga mizigo. Lori likitoka Kariakoo na kamba zangu, hata godoro halitikisiki mpaka Lindi, na kwa hilo nilikuwa najisifu mno.

Basi dada yangu mkubwa alipotaka umeme wa jua wa kuendesha pampu ya bustani yake huko kwetu Lindi, nikajiona fundi. Kashamba kenyewe kadogo, kote mchicha na nyanya, na bwawa lake kila kiangazi lilikuwa linakaushwa na jua. Tukaamua paneli zielee juu ya maji: hazitakula ardhi, na kivuli chake kitayatunza maji. Fremu ilichomelewa kwa mafundi wa Gerezani, jirani na Kariakoo, chini yake tukafunga mapipa ya plastiki, nikasafiri nayo mwenyewe. Ndege walianza kuzichafua paneli siku ileile tulipozishusha majini. Maji yalikuwa chini sana. Nikapigilia vigingi vinne palepale yalipoishia, nikakaza kamba mpaka zikalia.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikiwa juu ya lori, dereva aliyetoka kusini akaniambia, "Kwenu mvua siku ya tatu hii haijakata. Mabwawa yamejaa pomoni."

Kamba ikaniponyoka. Ndipo nilipoliona kosa langu: maji yanapanda, kamba haipandi. Paneli zingevutwa chini, na umeme wake. Wala sikuhofia paneli. Dada yangu haachi chake kipotee. Angeingia majini kuziokoa, na kuogelea hajui.

Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena na tena, nimekaa juu ya belo la mitumba kama mfiwa. Mara ya saba akapokea.

"Shikamoo dada! Usiingie majini!"

"Marahaba. Niingie nifuate nini? Nipo jikoni."

"Paneli si zimezama?"

"Zinaelea, mdogo wangu. Kamba zako nilizifungua siku uliyoondoka, nikaunga nyingine ndefu. Hata mbuzi naye huachiwa kamba. We unafunga kitu utadhani kimeiba!"

Nikacheka, machozi yananitoka mbele ya wapagazi wote, wala sikuona haya. Dada yangu yu hai, yupo jikoni, ananisimanga.

Dereva akauliza kama mzigo umeshafungwa. Nikamwomba asubiri kidogo, nikaiokota kamba iliyoniponyoka.