Fimbo Iliyomfikia Mama Mkwe

Baada ya kuoana, mke wangu alikaa kwao Handeni miezi saba, na wala hatukuwa tumegombana. Mama yake ndiye aliyemzuia. Alisema hakumzaa binti ili akamfulie nguo mtu wa kupaka grisi, na maneno hayo niliyapata kwa kinywa cha mke wangu, kwa kuwa kwetu mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana. Nami kweli nilikuwa mpaka grisi. Nilifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, katika shamba moja jirani na Korogwe. Ningebisha nini?

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mwaka huo alikuja Korogwe Mzungu mmoja mwenye gari lililobeba mashine ya kunasa sauti, akizunguka vijijini kukusanya nyimbo. Alitaka mtu wa kushika fimbo ya maikrofoni, anayejua Kizigua. Nikajitokeza na kumwambia mimi ni fundi, tena nilisema bila kupepesa macho. Akanijibu kwamba atanijaribu kwa safari moja ya Handeni: nikifaa ataniandika kazi, nisipofaa nitarudi kwenye korona. Mshahara sikuuliza. Nilichotaka ni mke wangu aje Korogwe.

Fimbo yenyewe ilikuwa mabomba matatu ya alumini yaliyoingiana, jembamba ndani ya nene, na kila kiungo kilikuwa na pete ya kukaza. Ukilegeza pete unavuta bomba, fimbo inarefuka kufikia hatua tano, ukikaza, inatulia. Asubuhi tulipokuwa tunajiandaa kuondoka, bomba la mwisho lilikwamakwama. Mpaka grisi dawa anayo moja tu. Yule Mzungu, ambaye sote tulimwita Bwana, alipokuwa anakunywa chai, niliyapaka mabomba yote grisi nzito niliyokuja nayo kwenye kopo, yakateleza kama mlenda. Nikajiona fundi hasa.

Sikulikumbuka vumbi la njia ya Handeni. Gari lilikuwa wazi nyuma, na tulipofika mimi na fimbo tulikuwa na rangi moja, nyekundu. Nikalegeza pete, nikavuta. Haikutoka hata inchi moja. Grisi na vumbi vilikuwa vimekorogana humo ndani vikawa udongo wa kukandikia nyumba. Hasira zikanipanda, nikachukua koleo nikaing'ang'ania pete mpaka ikaota meno. Bwana aliniangalia, akaangalia saa yake. Afadhali angenitukana.

Na siku hiyo bila fimbo hapakuwa na kazi. Ngoma ilikuwa ya wanawake, mwanamume haingii uwanjani. Aliyekuwa anaanzisha wimbo wenzake wakaitikia ni mama mkwe wangu mwenyewe, mtu ambaye sikuruhusiwa kumsogelea wala kumtazama usoni. Alikubali kuiimbia mashine alasiri hiyo tu, kwa sharti kwamba kitakachomfikia kiwe chuma, si mtu. Kesho yake wote walikuwa wanakwenda kuvuna.

Nikaibeba fimbo mpaka nyuma ya jiko la ukweni, nikaketi chini. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Mke wangu akaja, akaigusa, akanusa vidole vyake.

"Umeipaka mafuta," akasema. "Mlango wa ghala baba anaupaka nta. Mafuta yanakamata vumbi."

Miaka minne nilikuwa mtu wa grisi na jambo hilo sikulijua. Kule kiwandani maji yanamwagika kwenye korona mchana kutwa, vumbi litatoka wapi? Nilikuwa nimeichukua akili ya penye maji nikaileta kwenye nchi kavu.

Akabandika maji. Tuliyamwaga ya moto juu ya bomba la nje, lipanuke, huku nikilivuta la ndani kwa kitambaa kikavu. Mara ya kwanza halikujali. Mara ya tatu likatoa mlio, likachomoka, nami nikaanguka chali. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tukayasafisha mabomba kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, tukapitisha kitambaa ndani kwa kijiti mpaka kikatoka cheupe. Meno ya pete niliyasugua kwa jiwe la kunolea kisu. Halafu akanipa donge la nta kutoka kwenye mizinga ya baba yake, nikapaka kidogo sana na kusugua mpaka bomba likawa kavu mkononi. Nikavuta. Likaja polepole bila kukwaruza, likasimama nilipolikaza. Nililivuta na kulirudisha mara kumi kwa furaha tupu.

Alasiri nilisimama nje ya uwanja, nimegeuza uso nyuma kwa heshima ya mkwe, fimbo imenyooka juu ya vichwa vya wanawake. Sikuona kitu. Mke wangu ndiye aliyekuwa macho yangu: akinigusa bega la kulia napeleka kulia, akinivuta shati nashusha. Wimbo ulikuwa mrefu na mikono iliwaka moto, lakini fimbo haikulia hata mara moja. Bwana, masikio yamefunikwa kwa vipokea sauti vya mashine, aliinua kidole gumba.

Kisha akawasikilizisha kwa spika ya gari. Sauti ya mama mkwe ilitoka nzima, hata pumzi aliyovuta kabla ya kuanza ilisikika. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu kwamba kuna mmoja aliyechelewa kuitikia na anamjua. Bwana akaniambia Jumatatu niripoti kazini. Nilijisikia mrefu kuliko fimbo yangu.

Kesho yake alfajiri, kabla wanawake hawajaenda shambani, mama mkwe alisimama nyuma ya mlango akasema na binti yake, kwa sauti ya kutosha nami kusikia.

"Mwambie fundi aje achukue mzigo wake. Kopo la grisi aliache hapo nje."

Mzigo ulikuwa umeshafungwa: mkeka, chungu, na donge la nta lililobaki. Nikaliacha kopo pale mlangoni, mke wangu akapanda gari.