Dreva ya Afande

Saa tatu kasoro dakika kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, komputa yangu iliwaka, ikaonyesha kistari kimoja kinachopepesa, ikabaki nyeusi. Saa kumi jioni kamati ya harusi ingekutana hapa Bwera kuchagua mpiga video, na sampuli yangu ilikuwa ndani ya mashine hiyo.

Mshindani wangu alikuwa polisi wa kambi ya Kasese aliyepiga video za harusi siku za mapumziko. Tulinunua komputa kuukuu kwa muuzaji mmoja, tukaweka mfumo wa Linux katika zote mbili, lakini kwake majina ya maharusi yalizunguka juu ya picha kama maua majini. Kwangu yalikaa tu chini, yametulia. Nilishindwa kula vizuri kwa ajili ya majina yale.

Wiki hiyo aliniazima flash ya nyimbo. Ndani yake nikakuta dreva ya kadi yake ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, nikadhani ndiyo inayozungusha majina. Niliinakili bila kumwambia, na asubuhi ile nikaiweka.

Ningeweza kumpigia simu. Nilitazama namba yake, nikaiweka simu mfukoni. Nilisoma mwongozo wangu kwa utaratibu, nikaiweka dreva upya kwa amri za maandishi, nikawasha tena. Kistari.

Kwenye mkutano nilisema umeme umeniangusha. Yeye alipokewa na "Karibu afande!" na kiti cha mbele. Majina yakazunguka. Wazee walipiga makofi, na mwenyekiti akanigeukia: "Wewe fundi, basi tuimbie hiyo video yako!"

Baada ya mkutano afande alinifuata nyumbani, sijamwita. Mke wangu akampa chai katika kikombe changu.

Alifungua ukurasa wa maandishi matupu, akaandika amri moja fupi, akacheka.

"Mzee, kadi yako si kama yangu. Ni ya kampuni nyingine."

"Tulinunua kwa mtu mmoja."

"Hata mashati tunanunua kwa mutu moja. Yangu itakutosha?" Akasogea karibu na skrini. "Na hii dreva iko na jina la faili yangu. Uliitoa wapi?"

Nilimwongezea chai. Aliing'oa dreva ile. Alisema dreva ya kadi yangu imo ndani ya Linux yenyewe, haikuhitaji kuwekwa. Mashine ikawaka, sampuli ikacheza bila kukwama, kama ilivyocheza Ijumaa.

"Na yale majina yanayozunguka?" nikauliza.

"Yale? Ni programu ya bure tu. Ungeniuliza."

Alimaliza chai, akaondoka na pikipiki, na watoto wa jirani wakampigia saluti. Mimi hawajawahi kunipungia hata mkono.

Kamati ilimpa kazi. Malipo yake yalikuwa shilingi laki nne na elfu hamsini.