Wale Saba wa Kalengera Tuliowaandika Wamepotea

Nilitoka Goma kwa sababu ya orodha. Katika chama chetu pale Majengo, chama cha sisi tunaomeza dawa za SIDA au UKIMWI, majina saba ya watu wa Kalengera yaliandikwa "wamepotea", yaani miezi inapita hawaji kuchukua dawa. Orodha hiyo ilikuwa iingie katika ripoti ya utafiti kwa wakubwa wa afya. Nilitaka kwanza niwaone hao wazembe. Ndivyo nilivyowaita, Mungu anisamehe.

Asubuhi nilipanda pikipiki. Kila kizuizi unashuka, unafungua mfuko, unajieleza. Vidonge vyangu vya siku tatu nilivificha ndani ya unga wa muhogo, maana askari akishajua ugonjwa wako, njia nzima itaujua. Kufika Rumangabo nilikuwa nimeshuka mara nne.

Saa sita, Kalengera. Mama Kahindo, jina la kwanza kwenye orodha, alinipokea kwa viazi na maharage. Nyuma yake, dada yake mkubwa Masika, jina la pili, alikuwa amelala mkekani, mifupa mitupu, akikohoa.

"Mama, mulituandika tumepotea?" Kahindo aliniuliza. "Tuko hapa. Hatuyahama."

Kituo chao cha afya kilifungwa tangu vita, kwa hiyo dawa zao hutoka Goma. Walikuwa na utaratibu wao: kila safari mmoja alibeba kadi za wote saba, akarudi na makopo saba. Kisha ikaja sheria kwamba kila mgonjwa aje mwenyewe. Masika hakuweza hata kufika barabarani.

"Sasa tunaenda kwa zamu, na mwenye anaenda anarudi na kopo moja," alisema Kahindo. "Tunagawa. Kidonge tunakata na wembe."

Nilimwambia ukweli: dawa ya vipande haitibu, inavizoesha virusi mpaka dawa yenyewe ishindwe.

"Najua, mama. Infirmier, yule muuguzi wa kituo chetu, alitufundisha. Lakini nimeze kidonge muzima, na Masika ananiangalia?"

Sheria ile niliitetea na kuitia sahihi mimi, mkutanoni Goma, nikihofia kwamba dawa zinauzwa sokoni. Walinipigia makofi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, wakaingia wengine.

Saa nane niliondoka na kadi zote saba. Vidonge vyangu nilimwachia Masika. Kabla pikipiki haijawaka nilimwona Kahindo akitafuta wembe.

Kesho yake, Goma, muuguzi alinirudishia kadi bila hasira. "Sheria ni yenu, mama. Sahihi ni yako." Nilikwenda kwa wakubwa. Wakasema tungoje kikao. Nilingoja wiki mbili nikiwa na kadi mkobani, nikiona aibu kila nilipomeza kidonge kizima.

Nilichojifunza ni kwamba tuliandika utafiti na sheria juu ya watu ambao hatukuwahi kuwauliza wanaishi vipi. Kikaoni nilisema hivyo, na kwamba kosa lilikuwa langu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, lakini walikubali: mmoja achukue dawa za wenzake.

Nilitoka pale nikapiga simu Kalengera, sauti ikinikatika kwa furaha.

"Aksanti, mama," alisema Kahindo. "Utume makopo sita. Masika tulimuzika juzi."