Viatu vya Baba Mlangoni

Nyumba yetu, chumba kimoja karibu na Barabara ya Jogoo, ilikuwa ya kanjo, yaani baraza la jiji, na iliandikwa kwa jina la baba. Kwa hiyo baba alipofariki, jirani wa mlango wa pili, aliyejua sheria zote isipokuwa zile za kweli, alimwonya mama afunge mdomo. Kanjo wakisikia mpangaji hayupo, alisema, watatutupia virago nje. Tulimzika baba Ukambani, tukarudi Nairobi kama watu waliotoka kuvuna maharagwe.

Mtaani hapakuwa na matanga. Akina mama wa laini yetu, ile safu ya vyumba tuliyokaa, walijua, wakanyamaza kwa ajili yetu. Kila asubuhi mama alipiga viatu vya baba rangi, akaviweka mlangoni ili kanjo wakipita waone mwanamume yumo. Jirani alivisalimia kwa sauti ya juu: "Habari ya asubuhi, mzee." Sisi watoto tulicheka. Mama hakucheka, wala hakulia, tangu siku ya mazishi. Nilimwonea huruma hadi nikamwogopa.

Msimu wa mvua afisa wa nyumba akaja, mtu mzima mwenye kofia. Mama alimpa chai. Aliulizwa mpangaji yuko wapi, akajibu kwamba amesafiri. Afisa akavitazama viatu, maana mtaa wetu ulijulikana: mtu alikuwa na jozi moja, akijaliwa. Akauliza polepole kama mzee alisafiri miguu mitupu.

Mama akamwongezea chai. Mimi, kichwani mwangu, nilikwisha kuanza kukunja blanketi zetu.

"Mama, mtu akienda na asirudi, nyumba inachukuliwa," afisa alisema. "Lakini akiwa amekufa, bibi yake ako na haki ya kuandikwa. Hiyo ni sheria, si huruma yangu. Lakini lazima useme wewe mwenyewe."

Mama alivitazama viatu.

"Amekufa," akasema. "Bwana yangu amekufa."

Ndipo akalia. Jirani, ambaye sikio lake halikuwahi kubanduka ukutani kwetu, aliingia na leso mkononi, na nyuma yake akina mama wa laini nzima. Mmoja akawasha jiko, mwingine akaanzisha wimbo wa kanisani. Afisa akaandika jina la mama kwenye karatasi zake, kisha akavua kofia, akakaa na waombolezaji.

Jioni, nyumba ikiwa yetu, mama aliviondoa viatu mlangoni, akaviweka chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala baba.