Gwaride la Kina Mama wa Uthiru

Mimi nina sauti. Miaka ya kufundisha madrasa imenipa koo la kuita watoto kutoka mtaa wa pili, na koo hilo ndilo lililoniponza. Sikukuu ya Jamhuri ilipokaribia, kina mama wa chama chetu hapa Uthiru wakanisukuma mbele: "Mswahili ndiye atatuongoza!" Kazi yenyewe si kubwa. Unatangulia wenzako kwenye uwanja wa chifu, mkifika mbele ya jukwaa la wakubwa unapaza sauti, "Tazama kulia!" Wote wanawageuzia wakubwa nyuso, wewe unapiga saluti, mnapita, mnakwenda kunywa soda.

Lakini nyumbani nilikuwa na binti mwenye goti lililovunjwa. Alitoka kwenye maandamano mjini, akawa anapita Ngara akitafuta gari la kurudi, mkononi ana bendera ndogo, askari akamkuta akamshushia rungu. Nilizunguka ofisi za watu kuuliza mpaka soli zikaisha. Hata wa kuniambia "pole, mama" sikumpata.

Nilipomwambia habari ya gwaride, aliweka kijiko chini.

"Mum, kwani hili goti hulioni?"

"Naliona. Nikikataa, wataniuliza kwa nini, na jibu unalijua. Unataka nyumba yetu itiwe alama?"

"Kwa hivyo utawapigia saluti."

"Nitapiga, nimalize, nirudi."

"Basi ukishapiga, mimi usiniite mtoto wako."

Lo! Nilimfokea, nikamwambia ulimi huo hakunyonya kwangu. Kisha nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikalia asinisikie.

Siku ikafika. Jua kali, leso zetu sare, hotuba ya Rais ikasomwa mpaka watoto wakalala mapajani. Zamu yetu ilipoitwa tukashika njia, vumbi linatuingia puani, na jirani yangu nyuma ananong'ona "kushoto, kulia, kushoto" huku akijizuia kucheka. Mkono wa kushoto, nyuma ya kamba, walisimama wananchi. Na mbele yao kabisa, ameegemea mkongojo wake, binti yangu. Sikumtarajia hata kidogo. Hakunipungia mkono. Alinikazia macho tu, aone nitafanya nini.

Tulifika jukwaani. Wakubwa walikwisha simama, mikono tayari. Nikavuta pumzi.

"Tazama... kushoto!"

Wallahi sikuwa nimepanga. Wenzangu wamezoea kunitii, hata mmoja hakusita. Nyuso zote zikageukia kamba, na mimi nikampigia mwanangu saluti. Watu wakacheka, wakidhani mama wa watu amechanganyikiwa na jua. Halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata. Wale wa jukwaani walibaki wameinua mikono, wanatazama visogo vyetu.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kifua kikanijaa, nikadhani nitamkuta anatabasamu. Kumbe rangi imemtoka. Tulipotoka uwanjani alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Mum, umefanya nini? Kuna watu walikuwa wanakupiga picha."

"Si wanadhani nimekosea?"

"Sio wote."

Hakuningoja nikaagane na wenzangu. Alitangulia njia nzima akichechemea, mbio kuliko daktari alivyomruhusu, na kila gari likipunguza mwendo nyuma yetu aligeuka. Mimi namwambia, "Taratibu, mama, utajiumiza," wala hasikii.

Tulipoingia ndani alitia komeo, akaburuta kiti mpaka mlangoni, akakaa, mguu mbovu kaunyoosha mbele. Nikapakua chakula nikamwita.

"Kula wewe," alisema, macho hayaondoki mlangoni. "Wakija, wanikute mimi kwanza."